Msiba Uliosubiri Mtihani

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, Walthamstow, London. Cosmas Haule anaburuta nguzo mbili za wavu wa badimintoni kutoka stoo, anazisimamisha katikati ya ukumbi, kisha anapiga magoti kuona kama sakafu imekauka. Haijakauka. Anachukua dekio na kuanza upya, kwa sababu wazee wanaoingia saa moja hawana masihara.

"Yule Bibi Varsha ana miaka sabini na nne," anasema. "Akikuta wavu umelegea, siku hiyo sipati salamu."

Haule, 27, mzaliwa wa Songea, ni mhudumu wa kituo hiki cha michezo kwa saa ishirini kwa wiki, kiwango cha juu anachoruhusiwa mwanafunzi wa kigeni. Saa nne anavua fulana ya kazi na kwenda chuo kikuu, anakosomea shahada ya usimamizi wa michezo. Ada yake yote inalipwa na mfuko mmoja wa ufadhili, pamoja na nusu ya kodi ya chumba. Sharti ni moja: wastani usishuke chini ya alama sitini.

Mwaka wa kwanza amepata sabini na moja. Ukimpongeza, anatazama pembeni.

"Siipendi hiyo sabini na moja," anasema. "Kila nikiiona namkumbuka baba."

Mzee Haule alikuwa mtunza uwanja wa mpira kwa miaka thelathini na moja. Alichora mistari kwa chokaa, alifukuza mbuzi, na aligombana na kila mwenye harusi aliyetaka kuegesha magari juu ya nyasi zake. Ndiye aliyemwambia mwanawe kwamba wachezaji wako tele, ila watu wa kuendesha viwanja hawapatikani. Barua ya ufadhili ilipofika, mzee aliizungusha mtaa mzima, hata kwa watu waliokuwa wamekwisha kuiona mara mbili.

Mwezi Mei mwaka huu mitihani ilipokaribia, Haule alimpigia dada yake, Valeria. "Dada, mpaka tarehe ishirini na tatu msinitafute," alimwambia. "Nikifeli huku, hakuna wa kunilipia." Hakuna aliyemtuma kusema hivyo.

Tarehe nane baba yake alipiga simu. Haule alikuwa maktaba. Akaikata, akaandika kwamba atapiga akimaliza.

Siku mbili baadaye Mzee Haule alianguka bafuni, na hakuinuka tena. Kikao cha ukoo hakikuchukua nusu saa. Mtoto aliye kwenye mtihani haambiwi msiba, anasubiriwa amalize. Ndivyo familia nyingi za kwetu zinavyofanya, na kwa nia njema kabisa. Mzee akazikwa siku ya tatu. Simu yake ikabaki mikononi mwa Valeria.

Kwenye simu hiyo meseji za Haule ziliendelea kuingia. Alimweleza baba yake maswali yaliyotoka, alimwambia amepata kitabu cha kutunza nyasi. Valeria akajibu kwa jina la marehemu: "Soma, mwanangu."

"Nilijibu mara tatu," anasema Valeria kwa simu kutoka Songea. "Ya nne mkono uligoma, nikampa shangazi aandike."

London nako watu walijua. Beatha, muuguzi anayepanga chumba jirani na cha Haule, alipata habari siku ileile. Watanzania wa mtaani kwao wakafungua kundi jipya la WhatsApp lisilokuwa na Haule, wakachanga rambirambi, wakanyamaza.

"Nilikuwa nampikia, nagonga mlango, naweka sahani chini, naondoka," anasema Beatha. "Kumtazama usoni nilishindwa."

Tarehe ishirini na tatu, saa kumi jioni, Haule alirudi kutoka mtihani wa mwisho akiwa amenunua kuku wa kujipongeza. Mlangoni akakuta viatu, jozi kumi na zaidi. Sebuleni viti vilikuwa vimesogezwa ukutani na watu wameinamisha vichwa.

"Nikauliza ni nani. Dada Beatha akaja, akanipokea ule mfuko wa kuku. Hapo nikajua ni mzazi, sikujua ni yupi."

Uchungu mwingine ulimngoja chuoni. Wiki iliyofuata alikwenda kwa Bridget, mratibu wa ufadhili, kuomba ruhusa ya kusafiri kwa ajili ya arobaini. Bridget aliuliza mzee alifariki lini. Alipotajiwa tarehe, akamwonyesha ukurasa wa mwongozo wa wanafunzi: anayefiwa na mzazi huahirishiwa mitihani hadi Agosti, bila kupoteza alama wala ufadhili. Fomu yake ni ya ukurasa mmoja.

"Tungeambiwa siku ileile, kesho yake angekuwa kwenye ndege," anasema Bridget.

Haule alikuwa amesaini, Septemba, kwamba mwongozo huo ameusoma. Hakuwa ameusoma.

"Najaribu kumkasirikia Dada, nashindwa," anasema, akikunja kitambaa cha kufutia sakafu ambacho hakihitaji kukunjwa. "Yeye alifuata nilichosema. Ningefungua kile kitabu cha mwongozo siku moja tu, baba yangu ningemzika."

Alikwenda kwenye arobaini akiwa na barua ya kuacha masomo mfukoni. Kwanza aliwakusanya ndugu na kuwaomba kitu kimoja: likitokea lolote, wampigie saa hiyohiyo, hata akiwa kwenye chumba cha mtihani. Wote wakakubali, isipokuwa mama yake.

"Mama alisema, 'Mimi nikifa, mfanye vilevile mlivyofanya. Amalize,'" anakumbuka Haule. "Nikamwambia basi naacha chuo. Akaniambia nikiacha, baba yangu nimemkosa bure."

Barua aliichana hapohapo. Amebakiza miaka miwili. Akihitimu anataka kurudi Songea kuomba kazi ya kuuendesha uwanja ule, ambao sasa hauna mtu na magari ya harusi yanaingia yatakavyo.

Saa nne inafika. Haule anavua fulana ya kazi, anakaa kwenye benchi la wachezaji na kumpigia mama yake kwa video, kama anavyofanya kila siku. Meseji za kuandikwa haziamini tena. Mama anatokea akichambua mboga, anauliza kama amekula.

"Nimekula, Mama. Sogeza simu nikuone vizuri."

Anaisogeza. Haule anamwangalia kwa muda.

"Mama, niahidi wataniambia."

Mama anarudi kwenye mboga zake. "Utachelewa chuo, mwanangu," anasema, na kukata simu.