Mama Alivyonawiri hadi Akakaribia Kufa

Mwaka ule mama yangu alinenepa, na kijiji kizima cha Kibimba kikampongeza. Uso mviringo kama sinia, mashavu mekundu, tumbo limetangulia mbele. Kina mama wa jumuiya ya kanisani wakampa kazi ya kupokea wageni kwenye harusi, eti anapendezesha mlango. Hakuna aliyetazama mikono yake iliyokonda kama mpini wa jembe, wala ile michirizi ya zambarau tumboni. Akichuchumaa shambani, kuinuka lazima anishike bega.

"Hiyo ni shibe," alisema baba mdogo, bingwa wa kila jambo asilolijua.

Presha yake ilipopanda ikagoma kushuka, daktari mmoja kijana alimkagua mama kwa dakika chache akaona tusiyoyaona sisi mwaka mzima. Alisema huenda kuna uvimbe kwenye tezi iliyo chini ya ubongo, unaoziamrisha tezi za juu ya figo zimwage homoni kupita kiasi. Ukiachwa, utamuua. Ili ajue, alitaka mkojo wote wa siku nzima, usipotee hata tone, kwenye kidumu, kikae penye ubaridi.

Friji hatuna. Nikakiweka kivulini nyuma ya nyumba, nikakifunika majani ya mgomba. Kwetu kidumu kilichofunikwa hivyo ni pombe ya ndizi tu, na baba mdogo hajawahi kupita kidumu bila kukionja. Nilimkuta na kikombe mkononi, amekunja uso.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Hii bado haijaiva."

"Hiyo ni ya mama, inaenda maabara."

"Kumbe siku hizi anawauzia maabara?"

Nikamweleza. Sikujua kama anaweza kukimbia vile. Nilicheka mpaka nikamwona mama mlangoni, ameshikilia fremu, hacheki. Kipimo kilikuwa kimeharibika. Ilibidi aanze upya, na siku zilikuwa zinamla.

Majibu yalirudi homoni ikiwa juu mno. Picha ya kichwa iliyopigwa Mwanza ikaonyesha uvimbe wenyewe, mdogo kama punje ya mtama. Dar es Salaam wakautoa kwa kupitia puani. Kesho yake homoni ilikuwa imeporomoka, na daktari akafurahi, maana ni ishara kwamba uvimbe umetoka wote. Mama atameza vidonge vya homoni hiyo mpaka mwili wake ukumbuke kujitengenezea yake.

Baba mdogo akapiga simu kuuliza kama ni kweli mafuta ya unene yanatolewa puani. Mama akaninyang'anya simu.

"Wametoa uvimbe, shemeji. Na wewe njoo wakupige picha, huenda wakakuta ubongo."