Nilivyoisahihisha Kemia Nikiwa Kibaha

Naomba mnicheke taratibu. Ninafanya utafiti katika maabara moja hapa Kibaha, natengeneza molekuli za pete mbili zilizopitana kama mnyororo, katikati zimeshika shaba. Shaba ya aina hiyo haivutwi na sumaku. Vitabu vyote vinasema hivyo. Lakini nilipoinama kusoma mizani ya kupimia nguvu ya sumaku, namba iliruka. Nikarudia mara tatu, ikaruka mara tatu. Basi, vitabu vimekosea na bingwa ni mimi. Nikampigia baba Kisarawe, naye akautangazia msikiti mzima kwamba bintiye amegundua kitu.

Msimamizi wangu, mama wa makamo asiye na maneno mengi, akaja kushuhudia. Akasoma mwenyewe, akakuta sifuri.

"Samahani Dokta, nadhani hujainama vizuri," nikamwelekeza, mimi profesa.

Nikainama, namba ikaruka. Nikainuka, ikatulia. Dokta akanitazama kidevuni.

"Binti, huo ushungi umeubana na nini?"

Nikajigusa chini ya kidevu.

"Kibanio cha sumaku, Dokta," nikajibu, kwa sauti ya mtu anayeomba likizo.