Uso Wangu Mfukoni mwa Murhula

Ipo siku moja ninayoikumbuka hata nisipotaka, mwanangu. Nilikuwa natoka bombani Kadutu, ndoo ya maji kichwani, msichana nisiyemjua akanisimamisha. Akanitazama usoni, macho yakashuka mpaka miguuni, yakarudi usoni. "We njo ule wa foto," akasema. "Ule wa pantalon." Suruali, alimaanisha. Akacheka kidogo, bila ubaya wowote, akaenda zake. Nilibaki katikati ya njia, maji yananitiririka shingoni, nikaingiwa na woga ambao hata vita vilipokuja baadaye havikunitia. Vita vilikuwa vyetu sote. Woga ule ulikuwa wangu peke yangu.

Nakusimulia wewe kwa sababu nimesikia umenunua kamera, na unahangaika kutafuta watu wa kusimama mbele yake. Nasikia umelalamika kwamba watu wa Bukavu ni wagumu, ukiwaomba picha wanageuza kichwa. Nilicheka niliposikia. Watu wa Bukavu si wagumu, mwanangu, wana kumbukumbu. Wengi watakufundisha kazi yako kutoka upande wa kamera. Mimi nitakufundisha kutoka upande wa pili, maana huko ndiko nilikosimama.

Ulikuwa wakati wa Zaïre. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini, nimemaliza shule ya ualimu, nasubiri kupewa darasa Bagira. Baba alikuwa amekwisha kufariki. Mama aliuza maharage sokoni, na wadogo zangu walikuwa wakisubiri mshahara wangu kuliko nilivyousubiri mimi mwenyewe. Wewe hukuuona wakati ule, kwa hiyo nikueleze. Maneno bwana na bibi yalikuwa yamekatazwa na serikali, kila mtu alikuwa citoyen au citoyenne, yaani raia. Mwanaume hakufunga tai. Mwanamke hakuvaa suruali wala nywele za bandia, alivaa kitenge, basi. Vijana wa chama, kilikuwa kimoja tu nchi nzima, walipita mitaani kutazama nani amevaa nini, na tulikuwa tumesikia habari za wasichana walioraruliwa suruali barabarani mchana kweupe. Hakuna aliyehitaji kuona kwa macho yake. Kusikia kulitosha.

Murhula alikuwa jirani yetu, mtoto wa seremala, kijana mpole mwenye vidole virefu. Alikuwa anajifunza kupiga picha kwa mzee mmoja mwenye studio karibu na soko. Yule mzee alimwachia studio Jumapili alasiri, lakini kwa sharti moja: watu wa kupiga awatafute mwenyewe. Alimwambia kwamba asiyejua kumwomba mtu uso wake hawezi kazi ile. Maneno ya maana sana, ingawa Murhula aliyasikia nusu.

Alianza na mama zetu wa sokoni. Wakamfukuza. "Unapeleka wapi sura yangu?" mmoja alimuuliza. Unacheka, lakini swali lile lilikuwa na akili kuliko vitabu vyangu vyote. Wakati ule picha ya mtu ilikwenda kwenye kitambulisho au kwenye meza ya polisi, na mama yule alijua njia zote mbili.

Ndipo akaja kwangu. "Nabintu, unisaidie," akasema. "Uko na sura ya foto. Siko nakusifu bure." Mwanangu, nani hapendi kuambiwa hivyo akiwa na miaka ishirini? Nikakubali kabla hajamaliza. Mama nilimdanganya kwamba nakwenda mazoezi ya kwaya, nikaenda studio peke yangu, kwa hiyo hakuna aliyejua niko wapi.

Studio ilikuwa na sanduku la nguo za kuazima, maana wateja wengine walifika na nguo za kazi. Chini kabisa, chini ya vitenge, palikuwa na suruali nyeusi na nywele za bandia, vitu vilivyobaki tangu zamani. Murhula alivitoa kwa mikono miwili, mlango ukiwa umefungwa. "Iko ya humu ndani tu," akasema. "Hakuna mutu ataona." Niliogopa, sitakudanganya. Lakini nilivaa. Nikasimama, mkono kiunoni, kidevu juu. Alipoisafisha ile picha na kunionyesha, nilijipenda. Nasema wazi: nilijipenda kweli. Yule msichana wa kwenye karatasi hakuwa na wadogo wa kulisha wala hakumwogopa mtu. Nilimwomba anipe, akasema niache kwanza ajifunze nayo, na mimi sikumuuliza lile swali la mama wa sokoni.

Sasa sikiliza alichofanya, maana ni kosa la mtu anayeanza, na wewe unaanza. Aliiweka picha yangu kwenye mfuko wa shati. Kila alipotaka kumshawishi msichana mwingine, aliitoa na kutaja jina la mama yangu. "Angalia, hata mutoto wa maman Nsimire alikubali." Wahenga wanasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza; yeye alichukua chema akakitembeza. Hakuwa na nia mbaya. Alijivunia kazi yake, akasahau kwamba kazi ile ilikuwa na uso wa mtu. Nikatembea mfukoni mwake mpaka kwenye nyumba ambazo sikuwahi kuingia, nimevaa kitu kinachoweza kunitia kifungoni. Huko ndiko yule msichana wa njiani alikoniona.

Na nyumba moja kati ya hizo ilikuwa ya kijana wa chama. Jina lake silitaji, halitanisaidia wala halitakusaidia. Murhula alikwenda kumwomba dada yake asimame mbele ya kamera, akaitoa picha, kaka akanyoosha mkono. "Nitakurudishia," akasema, akaitia mfukoni mwake. Kijana huyo, mwanangu, alikaa kwenye ofisi ya chama ya mtaa wetu, ofisi iliyopaswa kuthibitisha kwamba mimi ni citoyenne mwenye mwenendo mwema. Bila neno lao sipati darasa.

Murhula aliniambia akiwa ameinamisha kichwa. Sikumpiga, na leo nasikitika kidogo kwamba sikumpiga.

Kuanzia hapo sikula vizuri. Nilipokutana na yule kijana njiani, alisimama, akanisalimu kwa heshima zote, "Citoyenne mwalimu," akagusa mfuko wa shati kwa vidole viwili. Ningeliweza kuvumilia tusi. Ule upole ndio ulionitisha. Halafu siku moja akasema: "Ile kintu yako iko kwangu. Ukuye kuichukua samedi, magaribi. Ukuye we peke. Na karatasi yako ya kazi tutaimaliza."

Umeelewa? Jumamosi, jua likizama, peke yangu. Na mimi nilielewa.

Nilikaa na jambo lile moyoni nikitafuta njia ambayo mama asingejua. Nilifikiri kumbembeleza. Nilifikiri kukimbilia kwa shangazi yangu kule Kavumu. Nilifikiri hata kwenda, Mungu anisamehe, niende tu ili liishe. Woga ukikukalia peke yako unakufanya mjinga. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi niliyaficha yangu mpaka Jumamosi yenyewe, asubuhi, mama akichambua maharage. Akanitazama akasema: "Nabintu, hii wiki yote uko unakula kama mugonjwa. Sema." Nikasema. Nilisema yote, suruali, kwaya ya uongo, mfuko wa shati, magharibi.

Nilingoja kofi. Mama alimaliza kuchambua maharage aliyokuwa nayo mkononi, akafuta mikono. "Uliniongopea, tutaongea siku ingine," akasema. "Leo tuko na safari." Alivaa kitenge chake cha misa. Kisha akaenda kwa seremala, akamtoa Murhula kwenye kiti chake cha chakula. "Uso ya mutoto wa batu haiwekwake mu mufuko kama mouchoir," akamwambia. "We njo ulifungua mulango. We njo utatutangulia."

Tulipanda mlima kwenda kwa yule kijana mchana, jua likiwa juu, watu wote wakituona. Murhula mbele, mama katikati, mimi nyuma. Niliamini tunakwenda kufungwa sote watatu. Nilimshika mama kitenge nikamsihi turudi. Akanijibu bila kugeuka: "Kama tunarudia sasa, utaenda magaribi."

Mama wa yule kijana alikuwa uani anaanika mihogo. Kijana alikuwa ameketi kibarazani, akasimama alipotuona. Mama yangu hakumtazama. Alimsalimu mwenzake, akaulizia afya, akaulizia watoto, taratibu kabisa. Ndipo akasema: "Maman, mutoto wako aliita mutoto wangu akuje kuchukua foto yake apa, magaribi, ye peke. Mi nimemuleta saa hii, juu nimuone vile anaichukua."

Yule mama aliacha mihogo. Akamtazama mwanawe. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na nadhani aibu ya mwana pia huijua mzazi kuliko wote. Kijana akaanza kucheka, akasema hizo ni kazi za serikali, wanawake wasiingilie. Mama yake akasema neno moja tu: "Leta." Kijana akaondoka kibarazani. Nilidhani ameenda kuita wenzake. Alirudi na picha.

Yule mama aliishika, akaitazama kwa muda mrefu, akanitazama mimi. "Iko muzuri," akasema. Akaifunika kwa pindo la kitenge chake, akampa mama yangu. Tukashuka mlima.

Usidhani iliishia hapo, mwanangu, maisha hayakati uzi haraka hivyo. Siku ile ile mama alimtaka Murhula alete negativi, ule ukanda mweusi wa filamu ambao picha zote huzaliwa nao. Akaleta, akaapa kwamba alikuwa ametoa nakala moja tu. Mama akatia vyote viwili kwenye mbabula, juu ya makaa. Murhula alilia. Mimi sikulia. Karatasi yangu ya mwenendo ilikaa ofisini muda mrefu, na ilipotoka sikupewa Bagira. Nilipelekwa Luvungi, kule chini kwenye joto, mbali na mama. Sina ushahidi kwamba ni yeye, lakini mwenye macho haambiwi tazama. Nilifundisha kule miaka mingi, na kila alipofika mgeni kutoka Bukavu nilimtazama kwanza mfuko wa shati.

Murhula akawa fundi mzuri. Nilipoolewa, alikuja kuomba kupiga picha za arusi, akasimama mlangoni na kamera ndani ya mfuko wake, hakuitoa mpaka mama alipomwambia karibu. Picha ya kwanza ya utu uzima wangu niliyonayo ni ya siku hiyo, na hapo nilikuwa nimekaribia miaka thelathini. Ya yule msichana wa miaka ishirini, kidevu juu, hakuna. Mama amekwenda, Murhula amekwenda. Aliyebaki hapa duniani akijua alivyokuwa msichana yule ni mimi peke yangu, nami nimeanza kumsahau. Hilo linaniuma kuliko Luvungi.

Kwa hiyo, mwanangu, ukitafuta watu wa kupiga, usianze kwa wageni barabarani. Mcheza kwao hutunzwa. Anza na shangazi yako, rafiki yako, jirani anayejua mama yako ni nani. Omba mchana, na kamera ikiwa imefungwa. Msichana akisema atakuja na dada yake, furahi, na asiposema, mwambie wewe aje naye. Usimvishe kitu ambacho hawezi kuvaa mbele ya watu wake, hata ukimwahidi kwamba mlango umefungwa, maana picha haina mlango. Mwambie inakokwenda kabla hajakuuliza. Wengine, kama mimi, hawajui kuuliza. Na akibadili nia kesho, ifute, hata kama ndiyo nzuri kuliko zote ulizowahi kupiga. Zaidi ya yote, uso wa mmoja usiufanye chambo cha kumvutia mwingine. Leo mfuko wa shati umekuwa simu, na simu inatembea kuliko Murhula. Nakala ya kwanza mpe mwenyewe. Ukitaka kuionyesha, rudi umwombe tena.

Hayo ndiyo niliyonayo. Nenda sasa, kabla jua halijawa kali. Mungu akupe watu watakaosimama mbele yako bila woga, na akupe wewe woga kidogo kwa ajili yao. Na siku mmoja wao atakapozeeka kama mimi, amjalie akute uso wake wa ujana ukutani nyumbani kwake, pale alipouweka yeye mwenyewe.