Gauni la Kumfumania Mume

Mtaani walimwita Mama Mdomo, si kwa wingi wa maneno, bali kwa jinsi alivyoubinua. Alikuwa fundi cherehani, na machoni pake hapakuwa na mtu aliyevaa nguo ikamkaa. Hata bibi harusi akipita, watu wakipiga vigelegele, yeye huona bega moja limekwenda upande.

Mumewe, karani mstaafu, alianza kutoka kila jioni, amechana nywele, viatu vimepigwa rangi. Akiulizwa aendako hujibu, "Nanyoosha miguu." Mama Mdomo alicheka kwa pua. Miguu gani inayonyooshwa kwa marashi? Shoga yake, muuza vitambaa, akamnong'oneza kwamba mzee huonekana mjini, kwenye lile jengo la maduka lenye paa la vioo. Penzi ni kikohozi, halifichiki.

Basi akajishonea gauni. Kitambaa hakukionea huruma: kiuno kimebana, mikono ya puto, pindo la kufagia sakafu. Alitaka huyo kimada ajidharau mwenyewe kabla hajatukanwa. Matusi nayo aliyapanga njia nzima.

Alimkuta mumewe ndani ya jengo lile, kwenye benchi, peke yake. Mbele yake lilisimama dude la chuma, refu kama nyumba, mabati yake yakifunguka na kujifunga polepole kama mwavuli mbovu. Kibao kilidai ni ua. Ua gani lisilo na harufu, linalokwaruza kwa kukosa grisi?

"Ndiyo huyu?" aliuliza Mama Mdomo.

"Nani?"

"Huyu unayejipakia marashi kwa ajili yake."

Mzee akatabasamu, lakini si kwake. "Subiri, linafunguka sasa hivi. Tazama."

Akatazama, akaona upuuzi mtupu. Bati ni bati. Kisha akamtazama mumewe. Uso ule aliujua. Ndio aliokuja nao kuposa, na tangu hapo hakuwa ameuona tena. Ilimuuma. Angekuwa mwanamke, angemvuta nywele, angemwambia gauni lake limeshonwa na kipofu. Hili dude angelifanya nini?

Akapita, akasimama mbele ya benchi. Mwanga wa vioo ulimwangukia, gauni likameremeta lote, naye akangoja neno moja tu.

"Mke wangu," mzee alisema kwa upole, "sogea kidogo. Umeniziba."