Dumu la Pili

Shemeji yangu, mume wa dada, ni mtu msafi kupita kiasi. Nasema hivyo kwa upendo, lakini pia kwa sababu ananichosha. Akija kwangu hukipangusa kiti kabla ya kukaa, na kikombe cha chai hukiinua kwanza kwenye mwanga wa dirisha akakikagua ndani na nje. Sisi mashemeji zake tumempa jina la Bwana Harusi, maana kila siku yuko tayari kupigwa picha. Yeye hucheka tu, utani wetu ameshauzoea.

Kazi yake ni udereva katika ofisi inayopeleka matibabu ya macho kwenye zahanati za mbali. Gari lenyewe ni lile refu linalovuta kwa magurudumu yote manne, kwa sababu huko waendako njia ni mchanga na mawe, na mahali pengine hata hiyo njia unaikisia. Gari si lake, lakini ukimsikia akiliongelea utadhani alilizaa. Wenzake hurudi safari magari yakiwa hayatambuliki rangi. La kwake halijawahi kuonekana hivyo.

Ofisini kwao kuna utaratibu ambao hakuna aliyeuandika: dawa ni za nesi, miwani ni ya fundi, maji ya kunywa ni ya dereva. Si kwamba anayanywa peke yake. Yeye ndiye anayeyajaza, anayeyafunga, na anayeulizwa yakipungua. Shemeji hubeba madumu mawili makubwa nyuma ya viti, kayakaza kwa mpira wa ndani wa tairi yasirukeruke, juu kayafunika turubai yasichemke kwa jua. Dumu la kwanza ni la kwenda. La pili haliguswi mpaka gari limegeuza kurudi nyumbani, hata mtu alie machozi. Pembeni huwa kuna kidumu kidogo cha maji ya kunawa mikono na kufutia kioo.

Haya alinieleza mwenyewe juzi mchana, mimi napiga pasi. Alikuja peke yake, jambo ambalo si la kawaida, nami nikamtania kwamba dada amemfukuza. Hakucheka. Kiti alikikalia bila kukipangusa, na hapo ndipo nikajua kuna neno.

"Shem, nina kitu kimenikaa hapa," akasema, akagusa koo. "Dada yako siwezi kumwambia. Atanitazama tu bila kusema kitu, na mimi nitashindwa kukaa humo ndani."

Nikamwambia aseme, mimi nasikiliza kwa masikio, macho yapo kwenye shati.

Safari hiyo walikuwa watatu: yeye, fundi wa miwani, na Mama Nesi, kiongozi wa msafara. Huyo mama ndiye aliyemtetea apate kazi, na shemeji humheshimu kama mama aliyemzaa. Zahanati waliyokuwa wanakwenda alikuwa hajawahi kufika. Alichoambiwa ni kwamba kuna pampu ya maji uani, na kwamba mkubwa wa idara atakuwa hapo kuwapokea. Hilo la mkubwa ndilo lililomharibia akili. Njia nzima vumbi lilikuwa laini kama unga, linaingia mpaka kwenye meno, na kila akitazama boneti moyo unamuuma.

Karibu kufika, wakasimama chini ya kilima ili watu wajisaidie na kunyoosha miguu. Fundi akaenda upande wake, Mama Nesi akazunguka nyuma ya kilima. Shemeji akachukua kitambaa, akatikisa kidumu kidogo. Kitupu. Akatazama gari. Akatazama turubai.

"Nikajiambia, pampu si ipo? Nitajaza tukifika, nani atajua."

Akalifungua dumu la pili. Alianza na kioo tu, anasema. Lakini kioo kikishang'aa, boneti inaonekana chafu zaidi. Akamwaga kwenye boneti, akaja milango, akaja taa, na mwisho kabisa akachuchumaa akaosha rimu za magurudumu. Rimu, jamani. Wenzake waliporudi, fundi alipiga mluzi akasema Bwana Harusi ameshajiandaa, na Mama Nesi akaingia garini akiwa amechoka, akafumba macho. Hakuna aliyeuliza. Kila mmoja alifikiri ni yale maji ya kunawia.

Walipoingia uani mwa zahanati, mkubwa hakuwepo. Alikuwa ameahirisha. Watu waliokuja kutibiwa walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha ukuta, wengi wazee, na wote wakaligeukia gari. Mhudumu wa zahanati, kijana mpole mwenye koti lililopauka, akalizunguka lote polepole kabla hata ya kuwasalimia. Shemeji akajua anasifiwa, kifua kikamjaa.

"Samahani, dereva," yule mhudumu akauliza, "gari mmelioshea wapi?"

"Hapo nyuma tu."

"Nyuma wapi? Huko kuna maji?"

Ndipo akaiona pampu. Ilikuwa kwenye kona ya ua, mkono wake umeng'olewa umelazwa chini, na pembeni ndoo zimepangwa mstari, zote kavu. Mhudumu akaeleza kwamba imekufa muda mrefu na fundi wake haji. Maji wanayafuata kwenye shimo walilochimba katikati ya mto mkavu. Ukitoka asubuhi unarudi jua linaelekea kuzama, na yenyewe yana chumvi. Alipokuwa akieleza, baadhi ya wanawake walikuwa wameshainuka na kusogea kusikia jibu.

Nilimuuliza shemeji kwa nini hakusema kweli hapo hapo. Akasema Mama Nesi alikuwa amesimama karibu yake na sanduku la dawa mkononi, na aliona heri ardhi ipasuke immeze kuliko yule mama asikie. Basi akanyoosha kidole.

"Kuna kidimbwi. Pale kwenye kile kilima. Nadhani ilinyesha kidogo."

Na ili ajilinde akaongeza, "Ila wahini, kinakauka."

Niliweka pasi pembeni. Nilitaka kumwambia anyamaze, kana kwamba angenyamaza sasa lile neno lingerudi mdomoni mwake. Wanawake walizichukua ndoo zao wakaondoka mbio mbio, mmoja na mtoto mgongoni, kwa sababu yeye ndiye aliyewaambia wawahi.

Akaanza kushusha meza za kazi. Mama Nesi akaja taratibu akasimama kando yake.

"Mwanangu, kidimbwi gani?"

Akajifanya anafungua miguu ya meza.

"Mimi nimezunguka kile kilima. Nimekanyaga vumbi tupu."

Mama akafungua mlango wa nyuma, akainua turubai, akalisukuma dumu la pili kwa kidole kimoja. Likaenda, jepesi. Shemeji anasema alisubiri atukanwe, na alitamani atukanwe, maana tusi lingempa pa kushika. Mama Nesi alilifunika tena turubai vizuri kama alivyolikuta.

"Wale kina mama wameshafika mbali," akasema. "Wafuate."

Aliwakuta karibu na kilima. Waliposikia gari wakasimama pembeni, nyuso zimechangamka. Yule wa mtoto akasema, "Mungu akuzidishie, kaka, umekuja kutuonyesha." Shemeji akashuka.

"Hakuna maji," akawaambia. "Hayakuwepo. Gari nililiosha kwa maji yetu ya kunywa."

Wakatazamana. Mmoja akauliza, bila ubaya, kama mtu aliyedhani hakusikia sawa, "Ya kunywa?"

"Ya kunywa."

Yule wa mtoto akaipindua ndoo akaikalia. Shemeji akasema alichoweza kusema, kwamba wapande, atawapeleka mtoni na kuwarudisha. Wakapanda. Kwenye kioo cha ndani aliwaona wamekaa ukingoni mwa viti, migongo haigusi, nguo wamezikusanya mapajani na miguu wameibana pamoja. Hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa kwamba wanaogopa kumchafulia gari. Akaendesha hivyo hivyo mpaka mtoni, anafuta macho kwa kile kitambaa chake cha vioo.

Hapo akakisogeza kando kikombe cha chai niliyompa, imeshapoa. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia, na vyote viwili vilinijia kwa pamoja.

"Mkarudi salama?" nikamuuliza mwisho.

"Tulirudi. Nikawashushia ndoo, nikaziingiza ndani moja moja. Mama mmoja, mtu mzima kuliko wote, akabaki kwenye gari. Akapitisha kiganja mlangoni, sehemu iliyokuwa bado inang'aa."

"Akakwambia nini?"

"Akaniambia, 'Mwanangu, siku nyingine ukitaka kuliosha, njoo ulioshee hapa uani. Sisi tutakinga ndoo kwa chini.'"

Nikamtazama.

"Hakuwa ananisema, shem. Wala hakuwa anatania. Alikuwa anapanga," akasema. "Nikamjibu, sawa, mama."