Maelezo Yaliyokaa Ndani ya Mchemraba

Kovu lililo juu ya jicho la Dionisia si la simba. Ni la jiwe, na alilipata Marambo mwaka 2006.

Wakati huo alikuwa karani wa takwimu Nachingwea, katika mradi wa kuchunguza simba wala watu. Taarifa zilipangwa kwenye kompyuta katika kitu walichokiita mchemraba: upande mmoja kata, wa pili mwezi, wa tatu mnyama. Dionisia aliugeuza upande wa kata, akachapa karatasi, akaibandika nje ya ofisi. Vifo kumi na kimoja, tisa Marambo.

Siku ya tatu alipiga simu Fidelis, bwana nyama wa Marambo, afisa wa wanyamapori aliyepokea taarifa za vifo.

"Dada, karatasi yako imefika huku. Wanasema simba hawezi kuipenda kata moja hivi bila kutumwa na mchawi. Wamemfunga mzee Bwanali kwenye mkorosho. Mkono wameshauvunja."

"Kwa nini yeye?"

"Anaishi peke yake, na mbuzi wake hawajaguswa. Wanataka sababu gani tena?"

Dionisia alirudi kwenye kompyuta. Programu ilimwonyesha namba na vichwa vyake tu. Sifa za kila kichwa, yaani jina na maelezo yake, zilikaa ndani ya mchemraba, na hazitoki mpaka uziulize kwa amri. Hakuwahi kuziuliza. Sasa aliuliza. Jina: Kata. Maelezo: kata ya kituo kilichopokea taarifa.

Si mahali mtu alipoliwa. Ni mahali alipoandikishwa.

Alichukua pikipiki ya ofisi.

Alimkuta Bwanali amefura uso, damu imegandia ndevuni. Mbele yake alisimama Adinani, mgane, na panga mkononi.

"Karatasi ile nilikosea mimi," Dionisia alisema. "Mfungueni."

"Habari ya kwanza umeleta wewe, ya pili umeleta wewe," mama mmoja alimkejeli. "Na ya tatu, bibie, itafufua maiti?"

Watu wakacheka. Jiwe likatoka katikati ya kicheko, likampasua juu ya jicho. Alianguka, akainuka, damu ikimziba jicho.

"Kaka Adinani. Hajira aliliwa wapi?"

"Unathubutu kumtaja mke wangu?" Panga likapanda.

"Aliliwa wapi?"

"Nkowe! Tulikwenda kuvuna ufuta."

"Ukamwandikisha wapi?"

Panga lilibaki juu. "Hapa. Kwa bwana nyama. Ningemwandikisha wapi, na nyumbani ni hapa?"

"Wa kwangu aliliwa Mandawa," sauti ilitoka nyuma. "Mimi pia niliandikisha hapa."

Mwingine akataja kata nyingine. Mama aliyekejeli akajifunika uso kwa khanga.

Adinani aliutazama mkono wa mzee, uliokuwa umepinda pasipo na kiungo. "Sasa nimempigia nini?" alisema. Akailenga kamba, akaukata mkorosho, akaukata tena, magome yakimrukia Bwanali usoni, ndipo panga likaifikia kamba. Mzee alianguka juu ya mkono uliovunjika, akalia kama mbuzi anayechinjwa.

Walimpakia katikati ya pikipiki kumpeleka hospitali. Dionisia aliendesha kwa jicho moja. Adinani alikaa nyuma, amemzungushia mzee mkono asidondoke.

"Jishike kwangu, babu," alisema Adinani.

Bwanali aliinama, akaung'ata mkono ule, akaung'ang'ania kwa meno. Adinani alipiga yowe, damu ikamchuruzika hadi kiwikoni. Lakini hakuutoa, mpaka Nachingwea.