Mfumo Uliobaki Umefungwa

Jumatatu ile, miaka mingi iliyopita, tulikuwa wanne ofisini: mkuu wa waandishi wa programu, mdogo wangu aliyefanya kazi chini yake, mama mwenye kampuni, na mimi niliyekuwa nikipiga deki. Mkuu huyo amefariki wiki hii hapa Kisumu. Nimesoma rambirambi za watu wanaomwita mwalimu na mlezi. Mimi sitamsifu. Ninyi mnaonisoma kila wiki mnajua kwamba niliacha shule darasa la saba wazazi walipotutoka, nikawalea wadogo zangu watatu kule Obunga kwa sabuni na ndoo. Huyu wa ofisini, anayenifuata kwa kuzaliwa, alikuwa fahari yangu, na yule bwana ndiye aliyemvunja.

Kampuni ilikuwa na mfumo wa simu uliowaunganisha akina mama wanaoanika omena, wale dagaa wa ziwani, ufuoni Usenge na wanunuzi wa mjini. Kila toleo jipya la programu lilipowekwa, kompyuta ilifuata hatua tatu: inaufunga mfumo usipokee oda, inaweka toleo jipya, kisha inaufungua tena. Hatua moja ikifeli, kompyuta inasimama papo hapo. Kwa hiyo ile ya kufungua inatakiwa iandikwe kwa namna ya pekee, ifanyike hata kama iliyotangulia imefeli. Mdogo wangu aliona haikuandikwa hivyo. Nilikuwa nikipangusa dirisha alipomwambia mkuu wake, nikasikia alivyojibiwa: "Omera, ndugu yangu, unaogopa sana. Haitafeli. Hiyo nitaweka siku nyingine."

Ijumaa mkuu alimwagiza mdogo wangu aanzishe kuweka toleo jipya, wakafunga ofisi wakaenda zao. Hatua ya pili ikafeli. Mfumo ukabaki umefungwa hadi Jumatatu, mvua ikanyesha Usenge, na omena iliyokwisha kauka ikaoza bila mnunuzi hata mmoja kujua kwamba ipo. Mbele ya mama mwenye kampuni, mkuu alisema yeye alikuwa amesharekebisha, ila kijana akaja akagusa akaharibu. Wote wawili walitumia akaunti moja, hivyo rekodi haikuweza kuonyesha ni nani aliyeandika nini. Niliweka mopu chini nikaeleza nilichosikia dirishani. Akanitazama, akacheka. "Auntie, hii ni kompyuta, si ndoo." Mama naye akacheka. Mdogo wangu akafutwa kazi kabla sakafu haijakauka.

Kuna watu wanaopanga kazi kana kwamba kila kitu kitafaulu. Kikifeli, hawana walichoandaa isipokuwa mtu wa kulaumiwa, na mara nyingi huwa ni yule aliyewaonya. Nimewaona katika ofisi, kanisani, hata katika kamati za mazishi. Siwaonei huruma. Yule nilimwekea kinyongo miaka yote hiyo, nikajifunza kusoma maelezo ya kompyuta neno kwa neno ili siku moja nimwaibishe mbele za watu.

Mwaka jana alikuja mwenyewe mlangoni kwetu, amekonda, ameshikilia nguzo ya jirani. Mdogo wangu alikuwa ametutembelea, yuko nyuma ya nyumba anaoga. Mgeni akaniambia, "Dada, nimekuja kumwambia kijana kwamba sikurekebisha chochote. Ilikuwa mimi." Nilisikia maji yakimwagika kule nyuma. Nikamjibu kwamba hayupo. Akaniomba nimfikishie maneno hayo, nikasema nitamfikishia. Sikumfikishia. Nilitaka yule mtu aende kaburini nayo, asisamehewe, na nilipoyasoma matangazo ya kifo chake nilipika chai nikainywa taratibu.

Jana mdogo wangu alinipigia kutoka Sondu, anakotengeneza simu za watu kwenye kibanda. Hajawahi kugusa programu tena. Alikuwa amepata habari. Akasema, "Dada, mimi hadi leo sijui. Labda kweli niliigusa. Yeye tu ndiye angeniambia."

Nilimwambia chaji inaniishia, nikakata simu. Haikuwa kweli. Nimeandika haya kwanza, kabla ya kumwambia yeye, kwa sababu ni rahisi kuwaambia ninyi nisiowaona. Niliyemlipiza kisasi hasikii tena, na aliyebeba adhabu yangu ni mtoto niliyemlea. Sondu si mbali, na bado sijaenda.